Tiki Kwenye Kisanduku cha Pambo

Duka la fotokopi lililotazamana na geti la chuo lilikuwa limefurika. Mashine tatu, moja mbovu, watu arobaini, na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake.

Katikati ya msukumano huo alisimama mhadhiri wa uhandisi, mtaalamu wa madaraja, mrefu, shati la mirabamiraba, kalamu tatu mfukoni. Wanafunzi wake walimwita Hii-Hapa. Hakuna aliyelitafuta jina hilo mbali. Kila akishika chaki, anageukia ubao, anawapa watu mgongo na kuanza: "Hii hapa inashuka pale, inakutana na hii, halafu hii hapa inabeba ile." Aliyekaa mbele alielewa nusu. Aliyekaa nyuma alielewa kwamba kipindi kimeanza.

Mbele yake kwenye foleni alikuwepo mwanamke. Gauni la rangi ya haradali lilimkaa utadhani fundi alilishona akiwa ndani yake. Kilemba cheusi, hereni za shaba zilizogongana kila akigeuza shingo, na manukato yaliyoshinda harufu ya wino wa duka zima.

"Dada, samahani. Foleni hii ni ya kuchapisha au ya kutoa kopi?"

"Ni ya kusimama," alijibu bila kugeuka. "Nina nusu saa hapa, hakuna kingine nilichopewa."

Hii-Hapa akacheka. Na mwanaume akichekeshwa na mwanamke asiyemjua, mdomo hufunguka wenyewe.

"Afadhali yako. Mimi natoa kopi ya aibu yangu. Hebu ona barua hii." Akamwekea karatasi mbele ya uso.

"Nisomee."

Akadhani ni mapozi ya warembo. Akasoma: "'Unatakiwa kuhudhuria mafunzo ya wiki nane kuhusu ufundishaji jumuishi, kuanzia Jumatatu saa tatu.' Miaka kumi na miwili nafundisha, dada yangu! Leo nafundishwa kufundisha! Na nani? Mtu ambaye pengine hajui hata nguzo ya daraja."

"Inauma."

"Inauma sana."

"Kwa nini wamekuchagua wewe?"

"Kuna mwanafunzi amelalamika. Ati nafundisha ubao, sifundishi watu."

"Muongo?"

Hii-Hapa akakuna shingo. "Si muongo sana."

Mwanamke akatabasamu, akapokea karatasi zake kwa mwenye duka, akazitia kwenye mkoba. "Kaka, nisaidie. Tulivyosukumwa nimepoteza upande. Mlango uko wapi?"

"Uko pale."

"Pale wapi?"

"Pale hapo. Unapita hapa, halafu unatokea kule."

Mwanamke akatoa kitu kilichokunjwa ndani ya mkoba, akakitingisha, kra-kra-kra, kikanyooka kuwa fimbo nyeupe. "Kaka," alisema kwa upole wa kuua, "umenipa pale, hapo, hapa na kule. Zote nne nimezikosa."

Duka zima likaangua kicheko. Hii-Hapa alitamani mashine mbovu immeze.

"Mlango uko mkono wako wa kushoto," alisema kwa sauti ndogo. "Hatua... kama saba."

"Unaona? Kumbe unaweza." Akaanza kwenda, fimbo ikigusa sakafu. "Jumatatu usichelewe. Mimi ndiye yule asiyejua nguzo ya daraja. Tutaonana!"

*

Jumatatu Hii-Hapa alikuwa wa kwanza ukumbini. Alikaa nyuma kabisa, kimya.

"Sitawafunga vitambaa machoni," mkufunzi aliwaambia wahadhiri thelathini, amesimama wima kama aliyezaliwa na kipaza sauti mkononi. "Mtu akifungwa macho nusu saa, anachojifunza ni kuogopa tu. Mimi nataka mjifunze kusema."

Akawapa zoezi. Mmoja abaki ukumbini na mchoro, mwenzake aende chumba cha pili na karatasi tupu. Waongee kwa simu. Wa ukumbini aeleze, wa chumbani achore. Hii-Hapa alipangiwa mhadhiri wa fasihi, mzee mwenye suspenda nyekundu. Mchoro ulikuwa wa daraja, tena daraja la kawaida tu.

"Chora mstari hapa chini."

"Hapa wapi, mwanangu?"

"Hapa! Halafu hii inapanda hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi, mzee wangu! Hivi!" Mkono mmoja umeshika simu, mwingine unachora hewani.

Baada ya dakika kumi mzee alirudi na karatasi. Kwenye karatasi palikuwa na kitu chenye miguu minne na pembe.

"Huyu ni ng'ombe?" aliuliza Katibu wa mafunzo, mama mnene mcheshi ambaye kazi yake ilikuwa kugawa karatasi, chai na maoni yasiyoombwa.

"Ni ng'ombe," mzee alikubali. "Na sidhani kama magari yatapita."

"Katibu, nielezee na mimi nicheke," mkufunzi alisema. Katibu akaeleza pembe moja baada ya nyingine, na mkufunzi akacheka mpaka akashika meza. Hii-Hapa alisahau kwamba anachekwa yeye. Alikuwa anasikiliza kile kicheko tu.

Wakati wa chai alimfuata. "Mwalimu, nifundishe kweli."

"Kila siku ukitoka kazini nipigie. Nielezee kitu kimoja. Ukisema 'hapa' au 'pale', nakata."

"Kweli unakata?"

"Jaribu."

Jioni ya kwanza alikatiwa mara nne. Ya pili, mara mbili. Siku ya tatu ikawa hivi:

"Haloo, mwalimu."

"Haloo, Hii-Hapa. Leo una nini?"

"Nina kibaraza changu. Pazuri sana."

"'Pazuri' hainipi kitu. Pakoje?"

"Hatua sita kwa nne. Sakafu ya saruji, ina ufa kuanzia mlangoni mpaka kwenye pipa la maji. Juu kuna kamba ya nguo. Kwenye kamba kuna soksi."

"Ngapi?"

"Tano."

"Na ya sita?"

"Mwalimu, hilo silo somo."

"Mwanaume mwenye soksi tano hana mke."

"Ndiyo njia yako ya kuuliza?"

"Mimi nimehesabu soksi tu, baba."

Mwisho wa wiki ya pili akamwambia: "Nimezungumza na mkuu wa kitengo. Kazi zako atasahihisha mwenzangu."

"Kwa nini? Nimekosa nini?"

"Huelewi jamani! Mtu hamsahihishi mtu ambaye simu yake anaisubiri."

Kimya.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimetabasamu."

"Sema basi. Tabasamu halipiti kwenye simu."

*

Wiki ya tatu somo lilikuwa picha. "Kila picha unayoweka kwenye slaidi ina kisanduku chake cha maelezo," mkufunzi alisema. "Unaandika maneno machache, sauti ya kompyuta inamsomea asiyeona. Kila mara jiulize: picha hii ipo kwa ajili gani?"

Hapo ndipo simu ya Hii-Hapa ilipotetemeka mfukoni. Mama yake mzazi, mjane anayekaa mbali, na simu ya mama haisubiri. Akatoka nje.

"Mama, niko darasani."

"Darasani umri huo? Umefeli?"

"Nafundishwa kufundisha, mama."

"Na kuoa wanafundisha? Maana mimi nimeshaacha kuuliza utaoa lini, sasa nauliza kama utaoa."

"Mama!"

"Usiniite mama kwa ukali. Niite bibi wa mtu, nitaitika."

Akakaa nje robo saa. Angekuwa ndani angesikia maneno haya: kuna picha zisizo na kazi, ua la pembeni mwa ukurasa, mstari wa urembo. Hizo usiandikie maelezo. Weka tiki kwenye kisanduku kilichoandikwa Pambo, na kompyuta itaziruka kimya kimya, isimchoshe msikilizaji. Aliporudi, mkufunzi alikuwa anamalizia: "Na hayo ndiyo mambo ya Pambo. Tuendelee." Mtu mzima akaona haya kuuliza.

Mapenzi nayo hayakusubiri silabasi. Wiki ya tano "mwalimu" alikuwa ameshageuka "mpenzi", na Hii-Hapa alikuwa "injinia wangu". Jumamosi moja walikaa mgahawani, mkufunzi na gauni la zambarau na viatu vya kamba, mwenzake na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye mishono. Mhudumu akamgeukia Hii-Hapa: "Huyu anakunywa nini?"

"Huyu ana mdomo," mkufunzi alisema.

"Anao," Hii-Hapa alithibitisha. "Mimi ndiye ninayeusikiliza kila siku."

Mhudumu alipoondoka, mkufunzi hakucheka. "Unajua, hakuna anayenitukana. Wananisifu. 'Hongera dada, jasiri dada.' Wakimaliza kunisifu wananiruka, wanamuuliza aliye pembeni. Nilikuwa na mchumba miaka mitatu, kwao wote wananisifu. Siku ya kupanga harusi walikaa wakapanga kila kitu bila kuniita. Nikawaachia na harusi yao." Akapapasa meza mpaka akaupata mkono wa Hii-Hapa. "Wewe ukiniruka, laazizi, sitapiga kelele. Nitaondoka tu."

"Sikuruki."

"Tutaona."

*

Wiki ya nane, siku ya mwisho, kila mhadhiri angefundisha somo la dakika kumi na tano mbele ya wenzake. Keshokutwa yake mkufunzi alikuwa anahamia kufundisha chuo kingine, safari ya siku nzima kwa basi. Hii-Hapa alikuwa ameamua: akishafundisha, amwombe mkufunzi waoane. Asiposema sasa, basi la Jumamosi litamchukua.

Siku moja kabla, alikaa ofisini mchana kutwa na slaidi zake. Za madaraja zilikuwa safi, kila mchoro na maelezo yake. Ila ya kwanza aliitengeneza kwa ajili ya shukrani: "Asante, mwalimu wetu," na chini yake picha ya mkufunzi akicheka, gauni la zambarau. Kisanduku kikamuuliza maelezo. Akaandika, akafuta. Akaandika tena, jasho likamtoka, akafuta. Mara kumi na moja. Mara akakiona kile kisanduku kingine, kimeandikwa Pambo. Akamkumbuka marehemu baba yake, aliyekuwa akimwita mama "pambo la nyumba hii" hadi siku ya kufa. Neno gani zuri kuliko hilo? Akaweka tiki, roho ikatulia kama ya mtu aliyekunywa maji.

Kesho yake alifundisha vizuri, wala sitii chumvi. Hakuwapa watu mgongo. Alitamka kila anachoandika. Akiuliza swali, alihesabu moyoni mpaka saba ndipo adai jibu. Lakini mambo yaliharibika mapema, kwenye slaidi ya kwanza. Ilipotokea ukutani, ukumbi mzima ulisema "Aaaa!" na makofi yakapigwa.

Mkufunzi alikuwa amekaa na kompyuta yake, kisikilizi kimoja sikioni, anafuata faili lilelile. Sauti ilimsomea: "Asante, mwalimu wetu." Basi. Kimya.

Akamwinamia Katibu. "Wanashangilia nini?"

"Picha yako, mdogo wangu! Umetoka vizuri na lile la zambarau!"

"Picha yangu?"

Akabonyeza tena. "Asante, mwalimu wetu." Kimya. Akabonyeza mahali pengine, panapoonyesha kila picha ilivyowekwa. Sauti ikasema bila huruma: "Pambo."

Alikaa mpaka somo likaisha. Alipiga makofi kama wengine. Kisha akakunjua fimbo yake na kutoka.

Hii-Hapa alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Mpenzi, uko wapi? Nakutafuta chuo kizima!"

"Hongera. Nimesikia umefaulu."

"Mbona sauti hiyo? Kosa langu nini?"

"Fungua slaidi yako ya kwanza. Funga macho. Sikiliza." Akakata, bila kusikia "hapa" wala "pale".

Hii-Hapa alifanya hivyo, macho amefumba, peke yake ukumbini. Asante, mwalimu wetu. Kimya. Alirudia mara tatu, hajaelewa. Katibu alikuwa anakusanya vikombe.

"Mama, kwani ukiweka tiki kwenye Pambo, kompyuta inasema nini?"

Katibu akasimama na trei mkononi. "Haisemi kitu. Pambo ni picha ya kurukwa. Isiyo na maana." Akaitazama ile picha ukutani, akamtazama yeye. "Usiniambie."

"Nyumbani kwetu pambo ni sifa!"

"Na kwetu ni sifa! Lakini kompyuta haina kwao, mwanangu!" Katibu alicheka mpaka trei ikatetemeka, halafu kicheko kikamkatikia. "Lo. Na huyu dada jinsi alivyo. Kesho asubuhi atakuja kufungasha ofisini. Usipofika, mimi mwenyewe nitakuchapa."

*

Ofisi ya mafunzo ilikuwa chumba chembamba, dirisha moja, rafu zimeshaachwa wazi. Mkufunzi, gauni jeupe la mistari ya bluu na mikono ameikunja hadi viwikoni, alikuwa anapanga vitabu kwenye maboksi. Alizijua hatua kabla hazijafika mlangoni.

"Nina kazi, injinia."

"Nipe dakika kumi na tano. Ndizo mnazotupa."

"Chukua tano."

"Siku ya somo la picha nilitoka nje kupokea simu ya mama. Niliporudi mlishamaliza habari za Pambo, nikaona aibu kuuliza. Mimi nilijua pambo lile la baba yangu. Alikuwa akimwita mama pambo la nyumba. Nikadhani nakusifu."

Mkufunzi alibaki na kitabu mkononi. Midomo ikaanza kumcheza. Akajitahidi kuizuia, akashindwa, kicheko kikapasuka.

"Pambo la nyumba! Uuuwi! Mimi nimekaa usiku mzima nina hasira na marehemu baba yako bila kujua!"

Hii-Hapa akapumua. Mapema mno. Mkufunzi alikuwa ameshaacha kucheka.

"Nimekuelewa. Lakini umesikia ulichosema? Ulinisifu, halafu ukaniruka. Ni kilekile. Kila aliyekuwa mle ndani alinipata, isipokuwa mimi." Akaweka kitabu kwenye boksi. "Kwa hiyo nikuulize kama mwanafunzi wangu. Picha ile ilikuwepo kwa ajili gani?"

Hii-Hapa angeweza kusema kwa ajili ya shukrani, ingepita. Alihesabu moyoni mpaka saba.

"Neno la baba lilikuwa kisingizio," alisema. "Niliandika maelezo mara kumi na moja nikafuta. Nilijua cha kuandika. Niliogopa, maana faili linasomwa na watu thelathini, na wewe hujanijibu kitu. Nilipokiona kile kisanduku nilijificha humo. Nimekuruka kwa woga, mpenzi. Si kwa kutojua peke yake."

Nje mtu alipita na toroli la viti. Mkufunzi alisubiri kelele ziishe.

"Uliandika nini ukafuta?"

"'Mwanamke ninayeomba anioe.'"

"Anioe? Mwanamke ndiye aoe?"

"Tuoane basi. Sarufi atasahihisha yule mzee wa fasihi."

Mkufunzi aliuma mdomo wa chini. "Chuo kile nakwenda. Siachi kazi."

"Sikuombi uache. Na huko wanafundisha madaraja. Nimeshaandika barua, wakinikataa nitapanda basi kila Ijumaa."

"Mama yako anajua habari zangu?"

"Anajua kuna mtu."

"Mpigie sasa hivi. Weka spika. Sitaki nipangiwe mambo nikiwa sipo."

Simu iliita mara moja tu.

"Mama, nimepata mchumba. Akikubali."

"Hajakubali, na wewe unanipigia mimi? Mpe simu!"

"Shikamoo, mama," mkufunzi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa unamfundisha?"

"Ndiye mimi."

"Anaelewa?"

"Polepole."

"Sikufichi, huyu tangu mdogo ni hivyo."

"Na mimi sikufichi, mama. Mimi sioni."

Hii-Hapa akaisogeza simu karibu.

"Huoni kabisa?"

"Kabisa."

"Mwanangu, hiyo ni nafuu yako. Hujaona anavyovaa." Kisha sauti ya bi mkubwa ikashuka, ikawa ya mama kweli. "Mimi nauliza moja tu, tena nakuuliza wewe, simuulizi yeye. Unamtaka?"

Mkufunzi alifunga boksi la mwisho kwa viganja viwili, akanyoosha mkono hewani. Hii-Hapa akaupokea.

"Ndiyo, mama," alisema taratibu. "Ninamtaka. Ndiyo."

"Kwa sauti, mwalimu!" Katibu alipaza sauti kutoka nyuma ya mlango. "Huku nyuma hatujasikia!"